Acheni Kumponya Mama Zimwi

Ninahariri riwaya za gothiki, zile hadithi za kutisha za makasri na mazimwi, na kila msimu sikosi muswada ambao ukurasa wa mwisho mama zimwi anamkumbatia mwanawe, machozi yanamtoka, na njaa yake ya kula watu inayeyuka. Upendo umeshinda! Ukimhoji mwandishi anakujibu kwamba mama mwenye mapenzi ya kweli hawezi kutamani kumla mtoto. Nimechoka nalo hilo.

Tuupitie mwili upesi. Seli za kondo la nyuma hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya damu ya mama, ili damu iende kwa mtoto hata mwili wa mama ungependa kuibana. Akishazaliwa, sehemu ya kalsiamu ya maziwa hutolewa kwenye mifupa ya mama. Anayenyonyesha huweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mifupa, ingawa kwa kawaida huirudisha baada ya kuachisha ziwa. Basi mlaji wa kwanza katika uzazi ni nani? Na bado anaimbiwa bembelezo. Mwandishi aliyeelewa hapo hahitaji laana ya kale wala mwezi mwekundu kueleza njaa ya mama.

Linaloniudhi hasa ni kudhani kwamba njaa na upendo vimekaa kwenye mizani, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mtazame Lamia, zimwi la kike la hadithi za Wayunani. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, mungu wa kike Hera anawaua watoto wa Lamia kwa wivu, naye Lamia anaanza kula watoto wa wengine. Mwondolee mapenzi kwa watoto wake, na hana tena sababu ya kula. Toni Morrison, mwandishi Mmarekani, katika riwaya yake Beloved (1987), aliigeuza meza: binti aliyekufa anarudi, anakula, ananenepa, na mama anakonda huku akimpa kwa hiari yake. Hakuna anayemchukia mwenzake mle ndani. Ndiyo maana inatisha.

Kwa hiyo, kanuni. Njaa ya zimwi iwe na masharti: anakula nini, kiasi gani, anashiba kwa muda gani, na ni nani anayelipa. Njaa inayotulia kwa kukumbatiwa haikuwa njaa, ilikuwa huzuni iliyovaa meno. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu huitaja methali hiyo kama faraja. Isomeni tena. Linakula! Kujuana kunasaidia tu kubakiza kitu, na riwaya nzima inaweza kukaa ndani ya swali la kilichobaki. (Mandhari ya kasri, mvua na mishumaa nawaachia wenyewe, hayo kila mtu anayaweza.)

Kuna jambo moja linaninyima raha. Fasihi hii imezoea mno kuugeuza mwili wa mwanamke kuwa nyumba yenye mashetani, na mara nyingine nikidai njaa ya kweli najiuliza kama sidai tu mama mwingine aadhibiwe. Kipimo changu ni kuuliza kama ana njaa ya kitu kingine chochote: usingizi, kazi yake, saa moja ya kimya bila kuitwa mama. Akiwa hana, muswada naurudisha. Lakini kipimo hicho kimewahi kupitisha vitabu vyenye chuki tupu dhidi ya wanawake, kwa kuwa mwandishi alijua kumpa zimwi wake kazi ya ofisini.