Daftari kabla ya bahasha

Wakristo wengi wakiamua kuweka fedha zao sawa huanza na bajeti ya mwezi ujao. Mimi naanza na madeni. Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara, na huwezi kujua una nini cha kujengea kama hujui unadaiwa nini.

Chukua daftari, chora safu nne: anayekudai, salio la leo, riba kwa mwezi, tarehe ya kulipa. Mume na mke mketi pamoja, simu zikiwa mezani, maana deni lililofichwa ndilo linalovuruga mpango mwezi wa pili. Andikeni hata yale ambayo watu hawayaiti madeni: Songesha (mkopo wa M-Pesa), daftari la dukani kwa Mangi, ada iliyosalia, marejesho ya kikoba yaliyochelewa, na ahadi ya jengo uliyoitoa usharikani.

Kisha panga kwa ukubwa wa riba, wala si kwa nani anapiga simu sana. Kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wengi wao hutoza asilimia 20 kwa mwezi, wengine zaidi. Umekopa 300,000 na kila mwezi unapeleka riba tu, 60,000: mwezi wa tano umeshatoa 300,000 na bado unadaiwa 300,000 ileile. Hapo hata kufunga mkanda hakusaidii, kwa sababu pesa unayopeleka haigusi deni lenyewe. Kama kuna kitu cha kuuza, kiuze. Elisha alimwambia yule mjane auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yatakayosalia (2 Wafalme 4:7). Alianza na deni.

Kama huna cha kuuza lakini una akiba SACCOS (chama cha akiba na mikopo), hamisha deni: kopa huko umalizane na kausha damu. Tuseme chama kinatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio. Zile 300,000 kwa miezi 6 ni 50,000 ya deni kila mwezi pamoja na riba ya 4,500 mwezi wa kwanza, ikishuka hadi 750 mwezi wa mwisho. Riba yote inafika 15,750. Yaani kila mwezi unalipa pungufu ya ile 60,000, na mwezi wa sita umemaliza. Mpango huu hukwama mahali pamoja: fedha ya SACCOS ikilala nyumbani, inapata kazi nyingine. Ikitoka asubuhi, mchana ipelekwe kwa mkopeshaji, urudi na kadi yako ya benki kama aliishika, na risiti yenye sahihi.

Uliza pia riba inahesabiwa juu ya nini. Milioni 1 kwa miezi 12, kwa asilimia 3 kwa mwezi ikipigwa kwenye kiasi chote ulichokopa hadi mwisho, ni riba ya 360,000. Ikipigwa kwenye salio, huku deni likilipwa kwa mafungu sawa, ni 195,000. Asilimia ni ileile, na wakopaji wengi hawaulizi.

Sasa zaka. Mwenye mshahara hana shida kubwa ya hesabu. Anayeumia ni mfanyabiashara mdogo anayetoa fungu la kumi la mauzo. Genge limeuza 180,000 kwa siku. Bidhaa zilinunuliwa kwa 140,000, usafiri na ushuru 10,000, imebaki faida ya 30,000. Zaka ya faida ni 3,000. Akitoa 18,000 ya mauzo, zinabaki 12,000 za kula, kodi na ada. Zisipotosha anachota kwenye mtaji, na baada ya wiki chache meza inakuwa na nyanya za kuhesabika. Kumbukumbu la Torati 14:22 linadai zaka ya mazao ya shamba, halidai zaka ya mbegu uliyopanda. Wapo wachungaji wasiokubaliana nami hapa. Hata hivyo, nijuavyo mimi, mtaji si mapato.

Kuhusu ahadi za jengo nina neno kali kidogo. Mtu anatamka milioni mbele ya usharika, kisha anaikopa. Paulo anasema nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Ukishaahidi, hilo ni deni. Likikushinda, nenda kwa mzee wa kanisa uombe muda au punguzo, ukiwa na daftari mkononi. Kukwepa ibada za mavuno hakupunguzi chochote.

Michango ya harusi na misiba ipewe fungu lake mapema, mathalani 30,000 kwa mwezi. Likiisha tarehe 12, kadi inayofuata unaijibu kwa salamu na maombi.

Mwisho ni dhamana, ambayo Mithali 6:1-5 inaionya waziwazi. Kwenye kikoba huwezi kuikwepa daima, kwa hiyo dhamini kiasi ambacho ungeweza kukilipa mwenyewe bila kugusa ada ya watoto, na ukiandike kwenye daftari lile kwa penseli. Mwenzako akimaliza marejesho, futa. Akiruka fungu moja, kipitishie wino na uanze kukitengea fedha mwezi huohuo.