"Kwangu Inajijenga" Siyo Hoja

Mimi ni mdhamini Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta: nakagua kazi ya mchangiaji kabla ya kuiingiza. Wiki hii nimeletewa tena: "Kaka, kwangu inajijenga bila kosa hata moja, mbona unanirudishia?"

Kujijenga, yaani msimbo kugeuka programu bila kukwama, kunapimwa na mashine. Lintian, chombo cha kukagua makosa ya vifurushi, nayo inalalamika yenyewe, hainihitaji. Kama kudhamini vifurushi vya Debian kungekuwa hivyo tu, ningeshalala. (Vifurushi vya programu, siyo vya bando. Shangazi yangu bado ananiomba vya GB 10.)

Muda wangu unaishia kwenye debian/copyright, faili linalotaja leseni ya kila kilichomo. Mchangiaji anaandika leseni huria ya MIT kwa kila kitu, basi. Nafungua kabrasha nakuta fonti ya mtu mwingine yenye leseni yake, JavaScript iliyobanwa ikawa mstari mmoja bila msimbo wake wa asili, na picha iliyookotwa sijui wapi.

"Lakini vyote vipo wazi mtandaoni!" Mwembe uliotanda mpaka barabarani una mwenyewe. Kazi isiyo na leseni haina ruhusa, hata ikianikwa juani. Na Debian haiitumii tu, inaigawa: kwa seva za nchi nyingi, kwa Ubuntu, mfumo mwingine unaochota kwetu, kwa yeyote anayetaka kuchoma diski akauze. Ndiyo maana "kwa matumizi yasiyo ya kibiashara" haipiti. Miongozo yetu, tangu 1997, haikubali leseni inayobagua kazi za watu. Mwenye kibanda cha kuchapa barua Tanga ana haki sawa na profesa. Hata leseni ya JSON, ile inayotaka programu itumike kwa mema na siyo kwa maovu, tunaikataa. Kila mara naulizwa kama natetea maovu. Haya, mema hayo atayapima nani? Kadhi?

Viraka, yaani marekebisho tunayoyatia kwenye msimbo, kwa kifupi: usinyamazishe onyo usilolielewa. Mwaka 2006 sisi wenyewe tuliondoa mistari ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kwa sababu chombo cha ukaguzi kililalamika. Mpaka inagundulika, Mei 2008, funguo zilizozalishwa zilitegemea karibu namba ya mchakato peke yake (ile kompyuta inayoipa kila programu inayoendeshwa), isiyozidi 32,768. Mtoto wa shule angezimaliza kuzijaribu.

Sasa nikiri. Sisomi msimbo wote, na anayekwambia anausoma muulize analala saa ngapi. Xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ziliingia Debian ya majaribio mwaka 2024 zikiwa na mlango wa siri, na leseni zake hazikuwa na kasoro. Ningezipitisha. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtuka kwa sababu ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ilichelewa kama nusu sekunde.

Kwa kuwa sehemu ya ujanja ule ilikuwa kwenye bunda la kutolea toleo na haikuwa kwenye git, hifadhi ya msimbo, siku hizi nalinganisha viwili hivyo. Nikifika kwenye mafaili ya majaribio, ulikofichwa ujanja uliobaki, yale ya baiti zisizosomeka, nayakodolea macho, sioni kitu, naendelea.

Ya kaka yule imerudi kwake mara ya tatu. Fonti.