Methani ya ziwani huliwa wapi hasa

Kila Ziwa Kivu likitajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba kule chini, mahali pasipo na oksijeni, kuna bakteria wanaokula methani, gesi inayowaka iliyoyeyuka kwa wingi ziwani humo, kwa hiyo gesi ile inajipunguza yenyewe. Kauli hiyo imeshazoeleka mno, na ina kasoro mbili.

Maana kwanza, harakaharaka. Kula methani ni kuiunguza bila moto. Bakteria huichukua gesi, huiunganisha na oksijeni, hupata nguvu ya kuishi na kaboni ya kujengea mwili, na kinachobaki ni kabonidayoksaidi na maji. Mholanzi Söhngen alieleza habari za bakteria wa aina hii mwaka 1906. Wanaoitengeneza methani ni wengine kabisa, nao ni arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria ila vya kundi jingine, wa kwenye tope na maji yasiyo na hewa. Basi.

Kasoro ya kwanza ni ya mahali. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na ndani yake zimeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, pamoja na kabonidayoksaidi mara tano ya hapo. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi ziletwazo na chemchemi za ardhini, kwa hiyo hayapandi juu. Wakati wa kiangazi upepo huyakoroga maji ya juu hadi mita 60 hivi. Mvua zikirudi, oksijeni huishia juu zaidi ya hapo. Walaji wamejazana kwenye mpaka huo, pale oksijeni inapoishia. Methani inayopanda polepole ikifika pale huliwa karibu yote, ndiyo maana inayotoka hewani ni kidogo sana ukilinganisha na hazina iliyo chini. Huko mita 300, gesi ilikojaa, chakula ni tele ila hakuna cha kukiunguzia. Laiti wangekuwa wanaila huko, kiwanda cha bia cha Gisenyi kisingepata gesi ya boila zake miaka ya 1960, wala mtambo wa umeme wa megawati 26 wa KivuWatt ulioko Karongi, Rwanda, usingekuwa na cha kuchoma leo.

Kasoro ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi. “Pasipo na oksijeni” watu hulitumia kumaanisha mahali ambapo kifaa kimesoma sifuri. Sifuri ya kifaa ni kiasi kilichobaki kwenye maji. Haisemi ni kiasi gani kimepita. Oksijeni ikiingia taratibu na ikanyakuliwa papo hapo, kifaa hakitaona kitu, na bado bakteria watakuwa wameshiba.

Ziwa Cadagno, dogo, lililo juu kwenye milima ya Uswisi, lilionyesha hivyo wazi. Bakteria waliokutwa kwenye maji yake “yasiyo na oksijeni” ni wa ukoo ule ule wa kawaida, ambao kimeng'enya chao, yaani protini inayoendesha kazi hiyo, hakiwezi kuivunja methani bila oksijeni yenyewe. Wanafanya nini huko? Watafiti walipoweka maji hayo kwenye chupa, nyingine gizani na nyingine kwenye mwanga, za mwangani ndizo zilizokula methani zaidi. Mwanga hafifu ulikuwa ukiwafikia mwani, mwani wakatoa oksijeni, na bakteria wakaimaliza kabla haijapimika.

Yupo na mjanja zaidi. Bakteria aitwaye Methylomirabilis, aliyeelezwa mwaka 2010, huchukua naitraiti, chumvi yenye naitrojeni na oksijeni, akaigeuza kuwa oksidi ya naitrojeni, kisha akaipasua apate oksijeni yake mwenyewe ndani ya seli, akaitumia hapo hapo kuunguza methani. Ndugu yake amekutwa kwa wingi kwenye kina cha Ziwa Zug, huko huko Uswisi. Yeye haihitaji oksijeni ya ziwani, lakini hata yeye hali methani bila oksijeni.

Wanaokula bila oksijeni kabisa wapo. Ni arkea wanaoifuata kinyumenyume njia ambayo ndugu zao huitumia kutengeneza methani, huku elektroni zinazotoka kwenye methani zikipokewa, badala ya oksijeni, na salfeti (chumvi ya salfa), naitreti (chumvi nyingine ya naitrojeni) au chuma. Hata Kivu kuna methani inayoliwa kwa namna hii chini kidogo ya mpaka, na salfeti ndiyo inayoshukiwa kwanza. Ila hao ni kundi lao, na huwezi kuwatambua kwa sifuri ya kifaa peke yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiizungumzia Kivu tena sema bakteria wanaila methani inayopita mpakani, si ile iliyolala chini. Na penye sifuri, sema oksijeni haikupimika, kisha uulize wanaiunguza kwa kutumia nini.