“Limejaa mpaka paa, halichezi hilo”

Ndivyo wanavyosema wanaojaza buti la gari bila kufunga mzigo. Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa baba mmoja aliyekuwa anaipeleka familia Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Alileta Land Cruiser yake hapa kwangu Nyakato, Mwanza, nimfungie kishikio cha jeki tu. Nilipomwuliza mzigo umefungwa na nini akacheka: “Fundi, mikanda ya nini? Nimelijaza mpaka paa, halichezi hilo.”

Sikubishana naye. Nilimwomba alitoe gari kwenye barabara ya nyuma ya karakana bila abiria, afike mwendo wa 20, kisha akanyage breki ghafla. Aliporudi, kreti ya soda ilikuwa imelala kwenye kiti anachokaa mtoto wake wa mwisho. Akashuka, akaiangalia, akauliza mikanda bei gani.

Mimi natengeneza droo na rafu za nyuma ya magari ya safari, na katika yote ninayoambiwa hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu wanaolisema ni watu wenye akili zao. Buti lililojaa linaonekana limebanana kwa sababu kuna vitu laini umevisukuma kwa goti: mabegi ya nguo, magodoro, hema. Ukiondoka Buzuruga alfajiri, lami inakupeleka salama kupitia Magu na Lamadi. Shida inaanza ukishaingia kwenye vumbi la hifadhi, ile njia yenye mikunjo kama bati. Gari linatetema, vile vitu laini vinashuka na kukaa sawa, na pale palipokuwa pamebana panapatikana nafasi ya ngumi moja, baadaye mbili. Hapo mzigo wote umefunguka na wewe hujui, maana umejaza mpaka paa na kioo cha ndani hakikuonyeshi kitu.

Halafu hesabu ya breki. Dumu la lita 20 za maji lina kilo 20, ukiacha dumu lenyewe. Gari likiwa kwenye mwendo wa 80, dumu hilo nalo lina mwendo wa 80, na nguvu iliyomo ndani yake ni sawa na ya dumu lililodondoshwa kutoka mita 25 kwenda juu, yaani ghorofa ya nane hivi. Gari likigonga kitu likasimama, dumu linaendelea na safari mpaka likute kitu cha kulizuia. Mara nyingi kitu hicho ni mgongo wa kiti cha nyuma, na kwenye kiti kuna watu. Kujaza mpaka paa hakupunguzi hata kilo moja ya nguvu hiyo. Kunaweka tu vitu vya kurukia kwenye usawa wa vichwa.

Kwa hiyo kizito kikae chini kabisa, kiegemee mgongo wa kiti, kifungwe kwa mkanda wa kukazia wenye meno. Mipira ya tyubu ya baiskeli ni mizuri kwa kufunga turubai. Kwa dumu haifai, kwa sababu inavutika, na inavutika zaidi saa ile ile usiyotaka ivutike. Mkanda nao uishie kwenye nati za kiwandani, zile za mikanda ya usalama au za viti vilivyotolewa. Kuna mafundi wanaotoboa sakafu wakapiga skrubu za mbao. Kwanza hazishiki. Pili, kwenye magari mengi ya aina hii tangi la mafuta liko chini ya sakafu hiyo hiyo. Chochote kinachozidi urefu wa kiti kikae nyuma ya wavu wa chuma. Na ukishakimbia nusu saa ya kwanza kwenye barabara mbovu, simama mahali panaporuhusiwa ukaze tena.

Wanaokubali haya wengi hurukia kosa la pili: wanahamisha vizito kwenye keria. “Juu si kuna nafasi, fundi?” Nafasi ipo, ruhusa ndiyo haipo. Fungua kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya familia utakuta paa limeruhusiwa kilo 75 mpaka 100, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Keria la chuma la kuchomelea mtaani peke yake linaweza kula nusu. Weka juu hema, viti vya kukunja na jerikeni tupu.

Nyuma kabisa mlangoni napo si stoo. Gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli mbili, ukiliwekea kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kama 137, na matairi ya mbele yanapunguziwa 37. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinawamulikia popo. Kuongeza jani la springi kunanyanyua mkia tu. Breki, chasisi na ekseli ni zile zile.

Wengine huniambia: “Vya dharura viwe chini, havitumiki kila siku.” Ee bwana wee! Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa upande ule wa Ndabaka unashika gari kama ugali wa moto. Hifadhini hushuki garini ovyo, na hata ukiruhusiwa kushuka hutaki kushusha mabegi 11 kwenye tope ili ufikie koleo. Jeki, koleo, kamba ya kuvutia na spana ya tairi vifikiwe bila kuhamisha kitu. Maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza vifikiwe kutoka ndani.

Eti lazima ununue droo za nje ya nchi. Mimi ndiye ninayeziuza za hapa, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari, lakini ushauri wangu wa siku zote hauniingizii hata senti: nunua matranka mawili ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Moja la jikoni, moja la vifaa. Tandika mpira chini yake yasiteleze, yafunge mikanda miwili kila moja, na ndani ziba mianya kwa kanga kuukuu ili sufuria zisikupigie ngoma mpaka Seronera.

Wateja wanaotoka Dar huniambia chuma kitaoza kwa chumvi ya ziwa. Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya kuogopa. Kinachoua droo hapa ni unyevu: mtu anatoka Ukerewe na dagaa wasiokauka vizuri, anaacha gari limefungwa siku tatu. Ubao wa vumbi la mbao unavimba, droo haitoki tena. Tumia plaiwudi isiyoingia maji, ipakwe rangi mpaka kwenye kingo.

Na mtungi wa gesi haulazwi, hata ule mdogo. Ukilala, gesi iliyo katika hali ya kimiminika inafika kwenye valvu, na ikivuja haipandi juu, ni nzito kuliko hewa. Inajaa sakafuni, chini ya miguu ya watoto, na friji yako ya betri iko hapo hapo inawaka na kuzima. Mtungi ukiwa umelazwa kwenye gari linaloingia hapa kwangu, sipimi droo mpaka utolewe.