Almasi kuwaka si hamira kuzeeka

Jamani, kung'aa si kuzeeka. Kazi yangu ni kutia chembe za almasi ndani ya seli za hamira ili kupima radikali huru, molekuli ambazo wengi huzihusisha na kuzeeka; kwenye skrini almasi huonekana kama nukta nyekundu. Juzi nimeulizwa tena, na mtu aliyekuwa akichungulia skrini yangu. Seli mbili za hamira, moja ina nukta nyekundu kali, ya pili nukta imefifia. "Basi hii yenye mwanga ndiyo bibi?" Siyo. Hiyo imemeza almasi mbili zilizogandana, basi.

Almasi zenyewe ni za nanomita 70 hivi, na seli ina mikromita 5. Ndani ya almasi, atomu ya naitrojeni imekaa jirani na nafasi tupu iliyoachwa na kaboni. Ukiipiga leza ya kijani inarudisha wekundu, na haichujuki kama rangi za kawaida. Nadhani hapo ndipo watu wanapopotelea: mwanga unapendeza, kwa hiyo wanadhani mwanga ndio jibu.

Tunachosoma ni muda. Pigo la leza linazipanga spini zote (usumaku mdogo wa elektroni ndani ya almasi) katika hali moja. Tunazima, tunasubiri gizani, tunawasha tena na kuangalia mwanga wa mwanzo wa pigo umeshuka kiasi gani. Giza la nanosekunde mia kadhaa, kisha refu zaidi, hadi milisekunde, na mzunguko mzima unarudiwa maelfu ya mara huku almasi ikijaribu kuponyoka kwenye fokasi ya hadubini. Radikali huru zikiwa karibu, elektroni zake zisizo na mwenza zinaleta kelele ya sumaku, na spini zinasahau mpangilio wake mapema. Muda huo wa kusahau ndio T1. Nukta hafifu yenye T1 fupi inaweza kukaa kwenye seli iliyovurugika zaidi kuliko ile inayowaka kama karabai.

Na T1 nayo si umri! Hamira ina umri wa namna mbili: seli mama imezaa mara ngapi (watafiti Mortimer na Johnston walionyesha mwaka 1959 kwamba idadi hiyo ina kikomo, aina nyingi za hamira za maabara hufika mara 25 hivi), na seli iliyoacha kugawanyika inaishi siku ngapi. Ukisema "hamira iliyozeeka" bila kutaja ni upi, sijui unaongelea nini. Umri wa kuzaa nauhesabu kwa makovu: kila binti akitoka, anamwachia mama pete ya kitini (kitu kigumu kama cha ganda la mdudu) kwenye ukuta wa seli. T1 inanieleza hali ya seli kwa sasa. Mwanasayansi Denham Harman alipendekeza mwaka 1956 kwamba radikali ndizo zinazozeesha, lakini leo tunajua seli huzitumia pia kupashana habari, kwa hiyo nyingi zaidi si lazima iwe mbaya zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni ukuta wa seli. Almasi haiupenyi hivi hivi, kwa hiyo tunaulainisha kwa kimeng'enya. Sasa seli iliyovuliwa nusu nguo inatulia kweli? Sehemu ya radikali ninazopima huenda nimezisababisha mwenyewe. Naweka seli za kulinganisha, zilizopitia mkono uleule, na bado siamini kikamilifu. Isitoshe, almasi inahisi makumi machache tu ya nanomita kuizunguka. Ikinaswa kwenye vakuoli, kifuko cha akiba na taka cha seli, inasimulia ya vakuoli, na ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, haiyajui.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna anayeifanya. Katika chupa inayokua, nusu ya seli hazijazaa kabisa, robo zimezaa mara moja, na kuendelea hivyo. Iliyozaa mara 20 ni moja kati ya milioni mbili. Kuipata bila kuitafuta makusudi, kwa kumtenga mama na mabinti zake kila wanapotoka, ni bahati nasibu. Almasi nayo haijigawi. Mama akizaa, inabaki upande mmoja.

Zile seli mbili nilizitia rangi inayoshika kitini baada ya mgeni kuondoka. Iliyofifia ilikuwa na makovu matatu. Ile "bibi" haikuwa na hata moja.