Ekseli ya mbele kwanza, mkonga baadaye

Gari langu la mwishoni mwa juma ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda 6, ujazo wa cc 4,164. Injini hii, ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 1990, haina tabo (turbo) wala kompyuta, na mtu mwenye spana kamili na subira anaweza kuihudumia uani kwake. Mimi ni fundi wa magari ya safari hapa Arusha, na wanaonunua magari haya yakiwa yamekwisha kuchoka huniuliza wafunge nini kwanza: mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini linalopanda hadi juu ya paa), winchi, springi za kuinua gari au tairi pana. Jibu langu huwa haliwapendezi, kwa sababu huwaambia wanunue sili za ekseli ya mbele, grisi na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kisha tuonane Jumamosi asubuhi.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni bomba moja la chuma kutoka upande hadi upande, na kila mwisho wake una tufe ambalo kifundo cha gurudumu hulizunguka unapokata kona. Ndani ya tufe hilo mna sivijointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, inayotakiwa kukaa kwenye grisi nzito yenye molibideni, ilhali ndani ya bomba mna oili ya difu, ambayo ni nyepesi. Kinachovitenganisha ni sili moja ya mpira isiyozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa. Mdomo wa sili hiyo ukishakauka, oili hupenya, huilainisha grisi, na mchanganyiko huo hutokea nyuma ya gurudumu na kuchuruzika mpaka kwenye tairi. Nimeona watu wakidhani ni breki inayovuja, wakanunua vifaa vya breki vya bei kubwa, na baada ya wiki mbili tairi likawa limelowa tena.

Mwezi uliopita nilifungua upande wa kushoto wa gari langu mwenyewe, maana nilikuwa nimeliachia muda mrefu kuliko ninavyowaruhusu wateja. Kijana anayenisaidia alichovya vidole viwili, akavitazama vikidondosha, akauliza, “Mzee, hii ni grisi au uji wa ulezi?” Nilimwambia asugue kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akitazame juani. Kilimeta. Chembe zile za chuma zilikuwa zimetoka kwenye beringi ya kingipini (pini ambayo kifundo hugeukia) ya chini, ambayo vikombe vyake vilikuwa na vijishimo vilivyopangana kama vya bao, na ndiyo maana usukani ulikuwa na tabia ya kujinatisha katikati kila nilipokuwa kwenye lami.

Kabla ya kufika huko, yapo mambo mawili ambayo mtu anayejifunza hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba gari halifanyiwi kazi likiwa juu ya jeki peke yake. Liketi juu ya stendi, na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. La pili ni kwamba nati ya kujazia oili ya difu hufunguliwa kabla ya ile ya kumwagia, kwa kuwa ukishamwaga oili yote ndipo ugundue kwamba ya kujazia imeng'ang'ana, gari litalala hapo hapo.

Frihabu, kifaa cha katikati ya gurudumu kinachounganisha shafti na habu (kitovu cha gurudumu), hushikwa na nati sita, na chini ya kila nati mna washa yenye umbo la koni iliyojibana kwenye tundu lake. Hapa ndipo vijana wengi huharibu kazi kwa kuichokonoa na bisibisi. Washa hizo hazitoki kwa kuchokonolewa. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi (skrubu ambayo nati hukazwa juu yake) ili kulinda nyuzi zake, kisha gonga kichwa cha stadi kwa kipande cha shaba, pigo moja kavu, na washa itaruka yenyewe. Ndani zaidi utakutana na nati kubwa mbili za beringi, zinazohitaji soketi ya milimita 54. Magari mengi ninayoletewa yana nati hizo zikiwa zimekatwakatwa kwa tindo, na mtu aliyezikaza kwa tindo hawezi kujua amezikaza kiasi gani.

Kiasi hicho ndicho uhai wa beringi. Mimi hukaza nati ya ndani, nikazungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa ili rola zikae, nikalegeza, kisha nikakaza tena kwa wastani. Halafu nachukua mizani ya ndoano, ile ile ya wauza nyama, naitundika kwenye stadi ya gurudumu na kuivuta taratibu mpaka habu ianze kuzunguka. Ikisoma kati ya kilo 3 na 5, nafunga nati ya pili na kukunja washa ya kufungia. Ikizidi, beringi itaungua, na ikipungua sana, gurudumu litacheza. Mizani hiyo ni ya bei ndogo kuliko beringi moja, na bado sijaiona katika gereji nyingi ninazopita.

Kuhusu sili yenyewe, pitisha ukucha mahali inapogusa shafti. Ukihisi mfereji, hata sili halisi haitadumu hapo. Kifundo hujazwa grisi kama robo tatu, si zaidi.

Kabla ya kufunga, nafanya badiliko moja ambalo naliweka mbele ya mengine yote, nalo gharama yake ni mita chache za mpira na vibano vyake. Ekseli ina kijitundu cha kupumulia juu yake. Ukiendesha saa mbili kwenye vumbi la kuelekea Ziwa Natron, difu hupata moto. Ukiingia mtoni ghafla, hewa iliyomo ndani hupoa, husinyaa na kuvuta, na kijitundu kikiwa kimezibwa na tope, maji hupitia kwenye sili. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukifunga mpira kwenye kijitundu na kuupandisha mpaka usawa wa eakilina (kichujio cha hewa ya injini), ekseli huvuta hewa badala ya maji.

Mkonga nao una faida, hasa kwa vumbi, kwa sababu hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile iliyo karibu na tairi la gari lililo mbele yako. Lakini mingi niliyoikagua ni pambo. Kipimo ni rahisi: injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao chenye mpira. Injini ikizimika, viungo vimeshika. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa kwingine, mara nyingi pale bomba linapopita kwenye bodi, na mtoni itavuta maji kwa njia hiyo hiyo.

Winchi na bampa ya chuma niliwahi kuzifunga mapema mno, zikaongeza karibu kilo 100 juu ya beringi ambazo sikuwa nimezifungua hata mara moja. Beringi ya kulia ilikufa njiani, mbali na mji, na winchi ile haikuwa na msaada wowote kwa gurudumu lililokataa kuzunguka. Springi za kuinua gari nitaziandikia siku nyingine, maana zinabadili pembe ya kingipini na ya propela shafti, na hilo halielezeki kwa aya moja.

Jumapili jioni, kazi ikiisha, naendesha kilomita 20 hivi bila kukanyaga breki sana, nasimama pembeni na kuweka kiganja juu ya habu zote mbili. Zikiwa na uvuguvugu unaolingana narudi nyumbani. Safari hii habu ya kulia ilikuwa na joto zaidi kidogo, kwa hiyo Jumamosi ijayo nitaitundikia mizani upya.