Chuma Kipo, Kimefungiwa Ndani

Kama kuna sentensi ninayoomba nisiisikie tena kliniki ni hii: "Daktari, damu yake imepungua, tunampa vidonge vya madini ya chuma lakini haiongezeki." Mara ya mwisho niliambiwa hivyo na nduguze mtu aliyekuwa na homa ya kuja na kwenda kwa miezi miwili, jasho la usiku, maumivu ya kiuno na bandama iliyovimba. Himoglobini chini, chembe nyeupe chini, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 60,000 tu. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kunong'ona habari ya saratani ya damu.

Nikamuuliza mgonjwa anafuga nini. Mbuzi. Kuna aliyetupa mimba? Wawili, na yeye ndiye aliyewazalisha, mikono mitupu. Brusela, basi, homa ya bakteria itokayo kwa mifugo; kipimo cha damu kikaashiria hivyo, na tulipootesha uboho maabara bakteria wakaonekana. Uboho hupita damu kwa kumnasa mdudu huyu, ingawa hakuna anayefurahia sindano ya nyongani.

Sasa, vidonge. Damu si maji ya mtungini kwamba yakishuka unachota mengine. Maambukizi yanapodumu, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga milango ya chuma: kilichomo ndani ya makrofaji, chembe za kinga zinazomeza vijidudu na chembe kuukuu, hakitoki, cha kwenye chakula hakipiti utumboni. Mwili unafanya hivyo kwa makusudi, maana bakteria wengi nao wanakitaka chuma hichohicho. Ukipima feritini, protini inayohifadhi chuma, utaikuta juu. Ghala limejaa, mlango umefungwa, na wewe unazidi kuleta magunia! Faida pekee ya vidonge hivyo ni kumfunga mtu choo na kukifanya kiwe cheusi, kisha nyumba nzima inakimbia hospitali ikidhani anavuja damu tumboni. Mwenye chembe sahani chache akija na choo cheusi, hata mimi moyo hunidunda.

Nikiri hapa: feritini hupanda kwa homa yenyewe. Mtu anaweza kuwa na maambukizi na upungufu wa kweli wa chuma kwa pamoja, na kipimo kikasoma vizuri tu. Hapo hungoja homa iishe nipime upya. Na kama himoglobini imeshuka hadi moyo unahangaika, ataongezewa damu. Sibishani na hilo.

Chembe sahani zina kisa kingine. Bandama iliyovimba huzishikilia, makrofaji zilizopandwa na wazimu huzimeza, kingamwili huzishambulia, na ndani ya uboho huweza kuota vijivimbe vya uchochezi. Vitabu huziorodhesha sababu hizi kama wanafunzi kwenye rejesta. Mbele ya mgonjwa mmoja sijui ni ipi inayotawala, na ninamshangaa anayedai anajua. Ninachoweza kusema ni kwamba mara nyingi uboho wenyewe umejaa chembe: kiwanda kinafanya kazi, mzigo unapotelea njiani.

Na usichukue hesabu hii ukaihamishia kwenye kila homa ya wanyama. Homa ya mgunda (leptospirosisi) nayo hushusha chembe sahani, na mgonjwa anaweza kutoka damu mapafuni huku vipimo vya kuganda vikiwa karibu na kawaida, kwa sababu kuta za mishipa midogo zimeharibika. Kiasi gani cha lawama kiende kwenye kuganda ovyo kwa damu ndani ya mishipa, bado tunabishana. Hatubishani kuhusu Capnocytophaga, bakteria wa mdomoni mwa mbwa: mtu asiye na bandama akiumwa, hata akilambwa kidonda, anaweza kuanza kuganda na kuvuja kwa pamoja ndani ya siku chache. Huyo hasubiri majibu ya maabara.

Yule wa mbuzi alipewa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6. Nilisita kuhusu steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Nimewahi kuzitumia kwa wagonjwa ambao chembe sahani zilishuka vibaya, zikapanda, na mpaka leo siwezi kuapa kama ni steroidi au ni antibayotiki. Safari hii sikuzitoa. Wiki ya tatu chembe sahani zilifika 190,000. Himoglobini ikajikongoja nyuma.

Nduguze walifurahi sana. Wakaniambia vidonge vya chuma hatimaye vimeanza kufanya kazi.